Nyeusi Zikutane Katikati

Kiwanda cha mablanketi kilikuwa na wafanyakazi mia moja na kumi, lakini aliyeweza kuingia kazini saa nne asubuhi bila kuulizwa na mtu alikuwa mmoja tu, naye ni Jampa. Jina hilo alipewa na wafumaji. Jampa ni kile kikofia cha plastiki, kidogo kuliko punje ya mahindi, kinachovishwa kwenye vijisindano viwili vya mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, ili kompyuta ijue iende kwa kasi gani. Kikikaa pasipo pake, ama kompyuta haiwaki, ama inaungua. Fundi huyu alitembea nacho kimoja kwenye mfuko wa shati, na ukimkera alikutolea akakuwekea chini ya pua. "Unakiona hiki? Bila hiki wewe leo hufumi." Alikuwa mtu wa maringo, na tuliseme hilo mapema tusije tukalaumiana mbele.

Maringo yenyewe hayakuwa ya bure. Blanketi zenye maua zilifumwa na mtambo mmoja mkubwa, na mtambo ule uliongozwa na kompyuta moja kuukuu iliyokaa kwenye chumba cha vioo pembeni ya ukumbi. Ndani ya kasha lake kulikuwa na mazabodi ambayo Jampa aliweza kukutajia sifa zake kama mtu anayetaja ukoo wa mamake. Kasi, megahezi mia moja thelathini na tatu. Kumbukumbu, vijiti vinne vya megabaiti nane nane, navyo ni lazima vikae viwili viwili. Ukiweka kimoja peke yake inakununia, haiwaki ng'o. Tundu la kibodi la duara, nene kama kidole gumba. Betri moja ya duara ya kutunza saa na tarehe. Tundu la flashi hakuna, la intaneti hakuna, na sauti yake ni mlio mmoja tu, pii, wa kukuambia imeamka salama. Simu ya mlinzi wa getini, ile yenye kioo kilichopasuka, ilikuwa na kumbukumbu mara mia zaidi.

"Lakini simu ya mlinzi haina hizi," Jampa alikuwa akisema, akigusa kwa ncha ya bisibisi nafasi nne ndefu, nyeusi, zilizopangana upande wa kushoto wa bodi. Pembeni yake zilikuwapo nyingine tatu fupi nyeupe, lakini hizo hazikuwa na maana kwake. Kadi iliyokuwa ikiamrisha nyuzi za mtambo zipande na zishuke ilitengenezwa kwa nafasi ndefu nyeusi tu, na kompyuta za siku hizi hazinazo tena. Waliotengeneza kadi hiyo walikwishafunga duka zamani. Kwa hiyo bodi ile ikifa, maua yamekufa. Na aliyejua kuiweka hai alikuwa Jampa, miaka ishirini na minane sasa.

Nyumbani mkewe aliiita kompyuta ile mke mwenza. Simu ya kiwanda ikiita siku ya mapumziko alikuwa akimpa shati na kumwambia, "Haya nenda, mwenzangu anakuita. Mimi nishazoea zamu yangu." Alikuwa akicheka anaposema hivyo, ila si kila mara.

Sasa, miaka sita kabla ya mambo haya, meneja alileta fundi kutoka mjini, kijana wa tai na mkoba, aitazame ile kompyuta. Jampa alisimama pembeni kama mtu anayetazama mkewe akipimwa na daktari mgeni. Fundi wa tai alifungua kasha, akamulika kwa tochi, akaguna. "Hii mbona ya kawaida tu? Mtu yeyote aliyesoma anaimudu." Akafunga, akanywa soda ya kiwanda, akaenda zake.

Neno lile lilimkaa Jampa kooni kama mwiba wa samaki. Alijiona tayari yuko nje ya geti na barua mkononi. Jumamosi iliyofuata, kiwanda kikiwa kimelala, alijifungia kwenye chumba cha vioo na kufanya mambo matatu. La kwanza, alichukua msasa akakwangua namba zote juu ya chipu, ili atakayekuja asijue ni chipu gani. La pili, alikibeba kijitabu cha bodi, chenye mchoro wa jampa zote, akakipeleka nyumbani na kukifungia sandukuni. Hayo mawili mafundi wengi wamefanya, na kama wewe ni fundi unajua nasema nini.

La tatu ndilo la kusimulia. Umeme wa bodi za zamani huingia kwa plagi mbili, kila moja na waya sita, nazo hukaa bega kwa bega. Zimefanana kama pacha. Unaweza kuzibadilisha nafasi na zikaingia bila ubishi, ila ukiwasha umekwisha. Ndiyo maana fundi yeyote, siku yake ya kwanza kabisa, hufundishwa kanuni moja: waya nyeusi za plagi hii na waya nyeusi za plagi ile zikutane katikati. Jampa akachukua soksi, vile vimpira vyembamba vya kuvisha waya ambavyo vikipigwa moto kidogo vinasinyaa na kushika. Waya nyeusi nne za kweli akazivisha soksi nyekundu. Waya nne za pembeni kabisa, tatu nyekundu na moja ya rangi ya machungwa, mbili huku na mbili kule, akazivisha soksi nyeusi. Kazi safi, huoni mshono. Kuanzia siku ile, mgeni yeyote atakayefuata kanuni ataiunguza bodi, na mjuzi pekee wa kuirudisha salama ni yeye. Siri ya mtungi aijuaye kata, alijiambia, akafagia vumbi la msasa.

Hakuwa mtu katili. Alikuwa mwoga, na woga ukikaa na ufundi chumba kimoja huzaa mambo kama hayo.

Miaka ikapita, binti yake akamaliza chuo cha ufundi wa elektroniki. Huyu binti ndiye mtoto wao pekee, amebeba jina la mama yake Jampa, na kwa hiyo baba alimwita mama tangu akiwa kwenye nepi. Alikulia sakafuni kati ya bodi mbovu alizoleta baba kutoka kazini. Akiwa na miaka saba Jampa alimpakata, akampa plagi mbili mkononi, wakaimba pamoja: "Nyeusi zikutane katikati, moto usije kututembelea." Mtoto alicheka mpaka kwikwi. Kama kuna wakati Jampa alikuwa baba mzuri, ni huo.

Baada ya chuo, binti alizunguka na vyeti vyake miaka miwili bila kazi. Mama yake akamkalia Jampa kooni. "Wewe unastaafu mwisho wa mwaka. Kiti kile kinamsubiri nani kama si mtoto wako?" Jampa akajizungusha, akasema ataangalia, lakini mama hakungoja aangalie. Alikwenda kwa meneja mwenyewe. Meneja akakubali palepale: miezi sita ya majaribio chini ya baba yake, na akifanya vizuri anathibitishwa, kazi ni yake. Binti alipopata habari aliruka akamkumbatia baba. Na Jampa, siku hiyo, alifurahi kwelikweli. Nisimnyime haki yake.

Furaha ilidumu wiki mbili. Wafumaji walianza kumwita binti Jampa Mdogo. Halafu siku moja mtambo ulisimama Jampa akiwa chooni, na aliporudi akaukuta unanguruma. Binti alikuwa amegundua kijiti cha kumbukumbu kimelegea, amekikaza. Ukumbi mzima unampigia makofi. Jampa akatabasamu kwa meno ya mbele tu. Moyoni alikuwa na hesabu yake: siku ya kustaafu ikifika, meneja atakuja kwa unyenyekevu, atasema mzee bila wewe hatuwezi, tafadhali baki kwa mkataba. Na yeye atakaa kimya kidogo kabla ya kukubali. Alikwisha kukifanyia mazoezi hata kile kimya. Sasa huyu mtoto anatoka wapi?

Basi akawa anamfundisha nusu nusu. Akimwonyesha jinsi ya kuingia kwenye mipangilio, anabonyeza haraka macho yasiwahi. Akifungua kasha, anasimama mbele ya plagi za umeme. Binti hakuwa mjinga.

"Baba, mbona hizi chipu hazina namba?"

"Zimezeeka."

"Uzee unakwangua kwa msasa?"

"Wewe umekuja kujifunza au kunipekua?"

"Samahani, baba," akasema, akachukua brashi akaendelea kufuta vumbi.

Mwezi wa tano wa majaribio, Jampa akaanguka kazini kwa maumivu ya ngiri. Akapelekwa hospitali, akapasuliwa, akaambiwa alale wodini na baada ya hapo apumzike nyumbani wiki mbili. Siku ya nne, saa nne asubuhi, simu yake ikaita juu ya kabati la chuma.

"Shikamoo baba. Umeamkaje?"

"Marahaba mama. Kidonda kinavuta tu. Kuna nini huko?"

"Mashine inaganda. Inafuma ua moja, inasimama. Nimefungua kasha, manyoya ya blanketi yamejaa mpaka feni haizunguki. Nataka niitoe bodi yote niipulize kwa upepo."

"Ningoje nitoke."

"Daktari kasema wiki mbili, baba. Meneja yuko hapa pembeni yangu, kuna blanketi za shule ya bweni zinatakiwa Ijumaa."

"Usiiguse."

Akamsikia meneja nyuma ya binti akiuliza anasemaje. Kisha binti akashusha sauti. "Baba, kama kuna kitu cha kuangalia kabla sijaitoa, niambie tu. Chochote. Nitaangalia."

Maneno yalikuwa matatu: rangi zimegeuzwa, mama. Yalimfika kwenye ncha ya ulimi. Lakini meneja alikuwa pale, atauliza nani kazigeuza na kwa nini. Na hata kama asingeuliza, bodi ikitolewa na kurudishwa salama bila yeye, kiwanda kizima kitajua kwamba inawezekana bila yeye. Jampa akahisi uchungu ambao si wa kidonda.

"Msomi si ni wewe?" akasema. "Fanya unavyojua." Akakata simu.

Akalala akitazama dari. Akajiambia atampigia binti, nesi akishamfunga kidonda. Nesi akafunga kidonda. Akajiambia atapiga akishakula. Akala. Saa saba simu ikaita, akaona jina la binti yake kwenye kioo, akaigeuza kifudifudi mpaka ikanyamaza. Hapo alikwishajua.

Mambo yalikwenda hivi, kama alivyokuja kusimuliwa na wafumaji. Plagi za umeme zilikuwa zimejificha chini ya kikapu cha diski, yaani kile kifremu cha chuma kinachozishika, kwa hiyo binti alizichomoa kwa kupapasa, kama anavyofanya fundi yeyote. Hakuwa na haja ya kuweka alama, kanuni si ipo? Akaitoa bodi, akaipuliza, akaipiga brashi mpaka ikang'aa. Akairudisha. Akazishika zile plagi mbili, akatazama rangi, akakutanisha nyeusi na nyeusi. Akawasha. Pii haikusikika. Kilichosikika ni mpasuko, kisha moshi wenye harufu ya mpira, na wafumaji wakipiga kelele zima, zima. Bodi ilikufa, na ile kadi ya nyuzi ikafa nayo.

Jampa alirudi kazini akitembea kwa kuinama kidogo. Kabla ya kwenda kwa mtu yeyote aliingia chumba cha vioo na kufungua kasha. Plagi zilikuwa zinaning'inia, waya zimebabuka, na soksi hazipo. Hata moja. Nyeusi ni nyeusi, nyekundu ni nyekundu, machungwa ni machungwa, kama zilivyotoka kiwandani zilikotengenezwa. Moto umezila zote, akawaza. Moto umenisitiri. Na aliona aibu kidogo kwa jinsi kifua chake kilivyokuwa chepesi.

Wakaitwa ofisini kwa meneja: yeye, binti, na yule fundi wa tai ambaye sasa alikuwa na tumbo. Fundi wa tai alieleza kwa ufupi. Yeye ndiye aliyeikagua mashine siku ilipoungua, na alikuta plagi zimechomekwa kinyume, nyeusi ziko pembeni badala ya katikati. "Ni kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza," akasema, bila chuki. Binti alikuwa amekaa mikono mapajani.

Meneja akavua miwani. "Mzee, nimemwangalia huyu binti miezi mitano, na sijaona uzembe. Nimemuuliza ilikuwaje, anasema alifuata kanuni, hasemi zaidi. Wewe ndiye unayeijua mashine hii kuliko mtu yeyote duniani. Nakuuliza wewe. Kulikuwa na kitu chochote mle ndani, chochote kile, ambacho kingemkosesha fundi makini? Kama kipo, hana hatia, na barua ya kumthibitisha naiandika leo hii."

Binti akainua uso akamtazama baba yake. Hakumtazama kwa kumsihi. Alimtazama kama mtu anayemngojea mwenziwe amalize kuvaa ili watoke.

Jampa alitazama miwani ya meneja juu ya meza. Miaka ishirini na minane, akawaza. Waje waseme getini kwamba Jampa aliitega mashine ya kiwanda?

"Hakuna kitu," akasema. "Alikosea. Nyeusi hukutana katikati, hata mtoto mdogo anajua. Nilimfundisha mwenyewe."

Kalamu ya fundi wa tai ilikuwa inagonga gonga meza, ikaacha. Binti akashusha uso. Meneja akavaa miwani, akavuta karatasi, akaandika kwamba majaribio hayakufaulu, akamgeuzia binti, naye binti akatia sahihi.

"Basi na wewe, mzee," meneja akaendelea, akikunja mikono, "nikueleze kabla hujasikia nje. Tumeagiza mtambo mwingine. Unakuja na kompyuta yake iliyofungwa kwa lakiri, na mafundi wake wenyewe. Sioni sababu ya kukuchosha mpaka mwisho wa mwaka na kidonda hicho. Anza likizo yako leo, iungane na kustaafu. Umetufanyia kazi kubwa sana." Akasimama, akampa mkono. Kile kimya ambacho Jampa alikifanyia mazoezi hakupata pa kukiweka.

Siku ya pili yake binti alikuwa anafunga begi sebuleni. Anakwenda mji mwingine, kwa shangazi yake, kuna duka la kutengeneza redio na runinga linalotafuta mtu. Mama yake alikuwa jikoni anapasha maji, analaani kiwanda kwa sauti ya kusikika na majirani. "Wamemwonea mwanangu! Na wewe umekaa tu humo ofisini, hukumtetea hata kwa neno?" Jampa alikuwa kwenye kiti, miguu kwenye ndoo iliyopinduliwa, anajitia kusoma gazeti la wiki iliyopita.

Binti akaja akachuchumaa mbele yake. Akamwekea mkononi bahasha ndogo ya karatasi, zile wanazotilia vidonge.

"Vyako, baba."

Akafungua. Ndani mlikuwa na soksi za waya. Nne nyeusi, nne nyekundu, mbili kati yazo zimeyeyuka upande mmoja. Zote zimechanwa kwa wembe, kwa uangalifu, kutoka juu mpaka chini.

"Moja ilibabuka, nikaona waya ya machungwa ndani ya nyeusi," binti akasema polepole, jikoni wasisikie. "Nikaelewa. Nikazitoa zote kabla meneja hajarudi na yule fundi. Niliogopa wakiziona watakufukuza na miaka yako yote ipotee."

Jampa akainama karibu naye. "Sasa... mbona hukusema pale ofisini? Aliuliza kabisa."

"Alikuuliza wewe," binti akasema. "Nami nilikuwa nakungoja."

Akasimama, akaenda mlangoni kuvaa viatu. Mama akatoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga, akamwona mumewe ameshikilia ile bahasha kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Kakupa nini?"

Mlango ulikuwa wazi. Binti alikuwa ameinama anafunga kamba, mgongo kwao. Jampa akaikunja bahasha mara mbili, akaitia mfukoni.

"Uchafu tu wa kiwandani," akasema.

Kwenye kamba ya kiatu vidole vilisimama kidogo. Kisha binti akamaliza kufunga, akabeba begi, akamuaga mama yake, akaondoka.